Unyevu wa pwani watafuna faida ya bangi ya chungwa

Wakulima halali wa California walitegemea harufu iwalipe. Soko limewaonyesha kuwa kinacholipa ni siku za ukavu.

WAKULIMA wenye leseni za kulima bangi katika kaunti za mwambao wa California, Marekani, wamejifunza kwa gharama kubwa kwamba jina zuri la mbegu halitoshi kumlipa mtu. Aina zinazonukia machungwa na ndimu, ambazo zina wapenzi wengi sokoni, nyingi huchelewa kukomaa. Kwa sababu hiyo ndizo zinazokutwa shambani na mvua za Oktoba. Bei ilipoporomoka mwaka 2021, hasara ya kuvu iliyokuwa ikivumilika zamani ikawa ndiyo inayoamua nani abaki na nani afunge shamba.

Ieleweke mapema kwamba hapa Tanzania kilimo na biashara ya bangi ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Kenya vilevile inakataza kwa sheria yake ya mwaka 1994. Hata hivyo, habari za soko hili zinawafikia wafanyabiashara wa huku kwa njia mbili. Kwanza, hisa za kampuni za bangi zinatangazwa kwa wawekezaji wadogo kila pembe ya dunia. Pili, nchi kadhaa za Afrika zimefungua mlango kwa bangi ya dawa: Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, na Rwanda iliridhia mwaka 2020 kilimo cha kuuza nje tu. Anayeshawishiwa kuweka fedha zake huko ni vyema ajue yaliyowapata waliotangulia.

Harufu inakotoka

Maganda ya chungwa yana mafuta ambayo zaidi ya asilimia 90 yake ni limonini, kemikali ileile inayotumika katika sabuni na vinywaji. Maua ya bangi nayo hutengeneza limonini pamoja na mafuta mengine mepesi, ndani ya tezi ndogo za utomvu zinazong'aa juu ya ua kama chembe za sukari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa limonini si kila kitu: kemikali zenye salfa, tena kwa kiasi kidogo mno, ndizo zinazozipa baadhi ya aina harufu kali ya matunda ya jamii ya machungwa.

Aina zilizotawala mazungumzo ya wanunuzi ni chache. Super Lemon Haze ilishinda mashindano ya Amsterdam mwaka 2008 na 2009. Tangie, ambayo ni uzao wa California Orange ya zamani, ilijipatia sifa kuanzia mwaka 2013 kwa harufu ya chenza. Kutokana na hizo wakazaliwa watoto na wajukuu wengi, kila mmoja na jina lake la tunda.

Kwa mfanyabiashara jambo la kuzingatia ni moja. Mafuta hayo ni mepesi na huruka hewani hata katika joto la kawaida la chumba. Ua lililokaushwa haraka kwa joto kali hubaki na kilevi chake lakini hupoteza chungwa lake, na mnunuzi wa jumla akishafungua mfuko asisikie chungwa, bei ya chungwa hailipi. Atalipa bei ya bangi yoyote.

Kalenda yagongana na mvua

Bangi nyingi huanza kutoa maua siku zinapofupika, yaani usiku unapokaribia saa 12. Kaskazini mwa California hiyo ni kuanzia Agosti. Aina fupi za milimani hukomaa kwa wiki 7 au 8, na mkulima huvuna Septemba, jua likiwa bado lipo. Zile za ukoo wa Haze, ambao asili yake ni nchi za joto zisizo na mabadiliko makubwa ya urefu wa siku, huhitaji wiki 10 na zaidi. Hizo zinaingia Oktoba, na baadhi hufika Novemba.

Huo ndio wakati mvua zinapoanza katika kaunti ya Humboldt, ambayo pamoja na Mendocino na Trinity ndiyo kitovu cha zamani cha zao hili. Mji wa Eureka, ulio ufukweni kabisa, hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Hata kiangazi, ukungu wa bahari hulala juu ya ufukwe hadi adhuhuri. Mashamba mengi yako bara kidogo, nyuma ya milima, ambako Julai na Agosti ni kavu na joto, lakini mvua za vuli hazichagui.

Adui mkubwa ni kuvu ya kijivu, ambayo wataalamu huiita botritisi, ileile inayoozesha zabibu na stroberi. Hupenda ubaridi wa wastani na hewa yenye unyevu mwingi, hasa maji yanapokaa juu ya mmea kwa saa kadhaa bila kukauka. Huanzia ndani ya ua, mahali hewa haipiti. Kwa nje ua linaonekana zima. Dalili ya kwanza huwa ni jani dogo moja lililonyauka na kuwa la kahawia. Ukilivuta, linatoka lenyewe, na ndani kumekuwa vumbi la kijivu. Siku chache za mvua mfululizo bila upepo zinatosha kugeuza sehemu kubwa ya shamba kuwa taka.

Adui wa pili wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa: ni ubwiriunga. Kuvu inayoshambulia bangi si ileile ya mkorosho, lakini sura ni moja, unga mweupe juu ya jani. Tofauti iko katika tiba. Mkorosho hupuliziwa salfa na korosho huliwa baada ya kubanguliwa. Ua la bangi huvutwa kama lilivyo. Salfa ikipulizwa juu ya ua hubaki humo na kuharibu harufu ileile inayouzwa. Dawa nyingine ya kuvu inayotumika sana katika mizabibu, maikilobutanili, imepigwa marufuku kabisa kwa bangi California, kwa kuwa ikiungua hutoa gesi ya sianidi.

Maabara haina huruma

Zamani, bangi iliyoguswa na kuvu ilipitishwa kimyakimya sokoni kwa bei ya chini. Tangu California iruhusu mauzo ya rejareja kwa watu wazima tarehe 1 Januari 2018, mlango huo umefungwa, angalau katika soko halali. Kila fungu, ambalo haliruhusiwi kuzidi ratili 50, lazima lipimwe na maabara yenye leseni kabla ya kufika dukani.

Maabara hutafuta mabaki ya dawa 66 za kilimo. Hutafuta aina 4 za kuvu ya aspagilasi, na chembe yoyote ikionekana katika gramu 1 ya sampuli, fungu zima limeanguka. Hupima sumukuvu, ikiwamo aflatoksini wanayoifahamu vizuri wafanyabiashara wa mahindi na karanga. Hupima pia unyevu uliobaki ndani ya ua kwa kipimo ambacho hakiruhusiwi kupita 0.65. Ua likiwa na unyevu kupita hapo, kuvu inaweza kuota ndani ya mfuko hata kama lilitoka shambani likiwa safi.

Kwa mkulima wa pwani, kipimo hicho cha mwisho ndicho mtego. Akikausha kidogo anaangushwa na maabara. Akikausha kupita kiasi anapoteza uzito na harufu, na vyote viwili ni fedha.

Hesabu ya ratili moja

Katika biashara hii kipimo ni ratili, ambayo ni karibu gramu 454. Hadi mwaka 2020 bangi ya shamba la wazi iliuzwa kwa jumla kwa dola 1,000 na zaidi kwa ratili. Kufikia mwisho wa 2021 wakulima wengi walikuwa wakipewa chini ya dola 500, na wengine dola 300 au pungufu. Sababu kuu ilikuwa wingi wa mali. Sheria iliyopigiwa kura mwaka 2016 iliwaahidi wakulima wadogo kuwa leseni za mashamba makubwa hazitatolewa kwa miaka 5 ya mwanzo, lakini kanuni zilizotoka Novemba 2017 hazikuweka kikomo cha idadi ya leseni ndogo ambazo mtu mmoja anaweza kurundika. Wenye mitaji wakarundika. Na kwa kuwa sheria ya shirikisho hairuhusu zao hilo kuvuka mpaka wa jimbo, mzigo wote ukabaki California.

Bei iliposhuka, kodi haikushuka. Mwaka 2021 jimbo lilitoza dola 9.65 kwa kila wakia ya maua makavu, sawa na dola 154.40 kwa ratili, bila kujali ratili hiyo imeuzwa kwa kiasi gani.

Mfano ufuatao unaonyesha mkulima alivyobanwa. Chukua ratili moja iliyouzwa dola 300. Toa kodi dola 154.40. Toa dola 100 za vibarua wanaopunguza majani kwa mkono. Zinabaki dola 45.60. Mkulima wa ratili 100 anabaki na dola 4,560 za kulipia mbolea, maji, mishahara na maabara. Tuseme gharama hizo ni dola 4,000. Amepata faida ya dola 560. Sasa kuvu ichukue ratili 20 kati ya 100. Zinabaki dola 3,648, gharama ni zilezile 4,000, na mkulima amepata hasara ya dola 352.

Fanya hesabu hiyo kwa bei ya zamani ya dola 1,000. Baada ya kodi na vibarua ratili moja inabakiza dola 745.60. Ratili 80 zilizosalimika zinaleta dola 59,648. Kuvu ni ileile na hasara ya mavuno ni ileile, lakini mkulima wa zamani hata hakuishughulikia sana. Wengi waliingia katika biashara hii wakitazama hesabu ya pili, wakakutana na ya kwanza.

Aidha, kaunti ya Humboldt ilikuwa na ushuru wake, uliopitishwa na wapiga kura mwaka 2016, kuanzia dola 1 kwa futi ya mraba ya shamba la wazi. Ushuru huo ulihesabiwa kwa eneo, si kwa mavuno, kwa hiyo hata ua lililooza lilikuwa limeshatozwa. Kaunti iliupunguza sana mwaka 2022 baada ya kilio cha wakulima. Jimbo nalo lilifuta kodi ya kilimo tarehe 1 Julai 2022. Kwa waliokwisha kufunga, nafuu hiyo ilichelewa.

Njia tatu za kukwepa mvua

Waliobaki wamegawanyika katika njia tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kuidanganya kalenda. Mkulima hujenga banda la plastiki na kulifunika kwa turubai jeusi kila jioni, ili mmea udhani siku zimefupika. Maua huanza mapema na mavuno hupatikana Julai au Agosti, kabla ya mvua na kabla ya mzigo mkubwa wa Oktoba kushusha bei. Gharama ni banda, turubai na mtu wa kufunika na kufunua kila siku bila kukosa. Banda lenyewe likikosa upepo hugeuka tanuri la kuvu, hasa karibu na bahari.

Ya pili ni kutokausha kabisa. Maua hugandishwa mara tu yanapokatwa, kisha huoshwa kwa maji ya barafu ili tezi za utomvu zidondoke na kukusanywa. Utomvu huo huhifadhi harufu ya chungwa kuliko ua lililokaushwa, na Tangie na ndugu zake walipata soko huko. Kodi nayo iliitambua njia hii: bangi mbichi iliyopimwa ndani ya saa 2 baada ya kuvunwa ilitozwa dola 1.35 kwa wakia mwaka 2021, badala ya 9.65. Lakini ratili 5 mbichi ndizo zinazotoa takriban ratili 1 kavu, na bei ya mbichi hufuata uwiano huo. Mkulima anahitaji majokofu, umeme wa uhakika na mnunuzi aliyekubali kabla ya mavuno. Na ua lenye kuvu halioshwi kwa barafu likawa safi. Utomvu nao hupimwa.

Ya tatu ni kuhamia kwenye nyumba za vioo. Huko kusini, katika kaunti ya Santa Barbara, mji wa Carpinteria ulikuwa maarufu kwa maua ya mapambo. Biashara hiyo ilidhoofika baada ya Marekani kuondoa ushuru kwa bidhaa za nchi za Andes kuanzia 1991, na maua ya Colombia kufurika sokoni. Nyumba za vioo zilizokuwa zikikosa kazi ziligeuzwa kuwa za bangi. Pwani hiyo nayo ina ukungu mzito Mei na Juni, lakini mwenye kioo, feni na mashine za kuondoa unyevu hewani anaweza kuvuna mara kadhaa kwa mwaka bila kujali kalenda.

Mwaka 2021 kampuni ya Glass House, iliyoanzia huko, ilinunua nyumba za vioo za Camarillo zenye ukubwa wa futi za mraba milioni 5.5. Ni vigumu kwa shamba la familia la futi 10,000 kule Humboldt kushindana kwa bei na eneo kama hilo. Ajabu ya mambo ni kwamba huko Carpinteria harufu iliyokuwa ikisifiwa dukani ililalamikiwa na majirani, na wenye mashamba wakalazimika kutumia fedha kuichuja isitoke nje.

Wakulima wa kaskazini wameweka tumaini lao katika sheria ya mwaka 2020 inayolinda jina la mahali, kama Champagne inavyolindwa kwa mvinyo. Anayetaka kutumia jina hilo lazima apande ardhini, bila banda na bila taa. Maana yake ni kwamba anayetaka bei ya jina lazima arudi kwenye mvua, akachague aina inayowahi au inayovumilia.

Kukausha ndiko kunakoamua

Hata aliyefanikiwa kuvuna salama bado hajafika. Ukaushaji unaotunza harufu hufanyika gizani, katika joto la nyuzi 15 hadi 16 na unyevu wa hewa wa asilimia 60 hivi, kwa siku 10 hadi 14. Katika pwani yenye hewa ya asilimia 80 na zaidi, hali hiyo haipatikani bila mashine. Asiye na mashine huwasha moto au hita, ua likakauka kwa siku 4, na chungwa likaondoka na hewa.

Mfanyabiashara wa karafuu wa Pemba ataelewa bila kufafanuliwa. Karafuu iliyonyeshewa ikiwa mkekani hupoteza rangi na kushushwa daraja, na mchumaji aliyepanda mti huo kwa hatari hapati fidia. Zao lolote linalouzwa kwa harufu yake hupandishwa au kushushwa bei katika siku zile za kuanika.

Somo kwa wenye hisa

Waliocheza na hisa hawakusalimika kuliko waliolima. Canada iliruhusu bangi nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018. Mwezi mmoja kabla, Septemba 19, hisa ya Tilray iligusa dola 300 katika soko la New York la Nasdaq. Mwaka 2024 hisa hiyo iliuzwa kwa chini ya dola 3. Walionunua siku ya shangwe walinunua hadithi ya zao jipya, bila kuuliza kilo inauzwa kiasi gani na inagharimu kiasi gani kuizalisha.

Hali ya kodi bado haijatulia. California iliongeza ushuru wa rejareja kutoka asilimia 15 hadi 19 tarehe 1 Julai 2025, kisha ikaurudisha 15 kuanzia Oktoba 1 mwaka huohuo. Mkulima hawezi kupanga bei ya msimu ujao juu ya kodi inayobadilika ndani ya miezi 3.

Kwa mwekezaji mdogo anayeletewa kitabu chenye picha za maua yanayong'aa, iwe ni kwa kampuni ya ng'ambo au mradi wa kuuza nje kutoka nchi jirani, maswali ya kuuliza ni machache. Leseni iko kwa jina la nani, na inaruhusu kuuza wapi? Mavuno yanaangukia mwezi gani, na mvua ya mahali hapo huanza lini? Nyumba ya kukaushia ina uwezo wa kilo ngapi kwa mara moja, na umeme ukikatika nini kinafuata? Mafungu mangapi yaliangushwa na maabara msimu uliopita? Mnunuzi analipa taslimu au anachukua mzigo kwa ahadi ya siku 60?

Mwenye mradi akijibu maswali hayo kwa takwimu na nyaraka, mazungumzo yanaweza kuendelea. Akirudia kueleza jinsi mbegu yake inavyonukia chungwa, fedha zibaki benki.